Siku Niliyogeuka Mwewe kwa Ajili ya Kuku wa Bibi

Kwiiiiiio!

Hiyo sauti naisikia mpaka leo, nikiwa nakanda unga wa maandazi, nikiwa naoga, nikiwa nimekaa tu naangalia milima, inanipita kichwani bila hodi, na jamani ningefurahi sana kuwaambia kwamba ilikuwa sauti ya mwewe, maana mwewe ana haki ya kulia hivyo, ndiyo lugha yake aliyopewa. Lakini haikuwa ya mwewe. Ilikuwa yangu mimi Tatu, binti wa miaka ishirini na mbili, mwenye akili timamu (nasisitiza hilo kwa sababu kuna watu siku hiyo waliuliza), nikiwa nimesimama juu ya ukuta wa bafu, kaniki ya Bibi mabegani, mbele ya watu waliokuja kumposa dada yangu.

Haya, cheka kwanza umalize, mimi nasubiri. Aibu yenyewe nimeshaizoea, maana hapa Kihonda mtaani kwetu nikienda dukani kununua chumvi watoto wananyoosha mikono kama mabawa na kuniimbia "Mwewe huyoo!", na mimi siku hizi nawapungia tu. Ila naomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu mtu hapandi juu ya bafu bila sababu, na sababu yangu ilikuwa nzuri, hata kama mimi mwenyewe sikuwa na akili nzuri.

Ngoja nianze kwa Bibi. Bibi yangu mzaa mama anakaa Mgeta, kule juu kabisa wanakolima kabichi na karoti, ambako baridi yake ukimpigia mtu simu asubuhi unasikia meno yanagongana kabla hajasema haloo. Na katika baridi yote hiyo, kuku wa Bibi ni kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, wanatembea shingo wazi, nyekundu, kama watu waliosahau skafu nyumbani na sasa wanaona aibu kurudi kuichukua. Mbegu ya kuku hao Bibi aliipata kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, na sheria yao ni moja tu: mtetea hachinjwi, na hatoki nje ya ukoo. Jogoo unaweza kumchinja, kumpa mgeni, kumfanya utakavyo. "Jogoo ni mkwe," Bibi anasema. "Anakuja, anakula, anapiga kelele, anaondoka. Ukoo ni mtetea." (Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, kwa hiyo kwa Bibi hata kuku wanapaswa kulijua hilo.)

Nilipoacha shule kidato cha pili (hesabu ilinikataa, na mimi nikaikataa, tukaachana kwa amani), nilikaa nyumbani tu miaka kadhaa, mpaka Bibi akanipa mtetea mmoja nimfugie, kama watu wa kwetu wanavyofugishana, kuku anabaki wake na vifaranga tunagawana. Nikampa jina Mwali. Siku hiyohiyo nikachukua ubavu wa boksi la sabuni nikaandika kwa mkaa TATU KUKU, nikachora kuku mwenye taji kichwani, nikalitundika kwenye banda, na usiku nikaota nina banda la ghorofa lenye feni. Mama alilisoma lile boksi, akaniangalia.

"Tatu, una kuku mmoja."

"Wa kuanzia, Mama."

Mwali akataga, akaatamia, akaangua vifaranga tisa, mnaona ndoto inavyopanda. Mwewe wa kweli akaja akachukua wawili. Halafu Mwali mwenyewe akatutoka siku aliyoamua kuvuka barabara mbele ya bodaboda, nikalia siku tatu, nikakataa hata chipsi mayai. Wakabaki saba, yatima, ambao kwa kukosa mama waliniona mimi ndiye, wakawa wananifuata mpaka mlango wa choo na kunisubiri pale nje wakilalamika kwamba nachelewa.

Ndipo mdondo ukapita Mgeta. Ule ugonjwa haubishi hodi, ulitoka nyumba hii ukaingia ile, kuku wanainamisha vichwa, wanapinda shingo, wanakwisha, na ndani ya wiki moja Bibi hakubakiwa na hata mmoja. Alinipigia simu. Hakulia, Bibi si mtu wa kulia kwenye simu, alisema tu, "Tatu, leo nimeamka mwenyewe. Hakuna aliyeniamsha." Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeogopa jibu:

"Hao saba wako, mitetea wangapi?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Kulikuwa na jibu zuri kabisa, jibu la kweli, lenye herufi tano: sijui. Ningesema sijui, leo ningekuwa binti wa kawaida anayenunua chumvi kwa amani. Lakini nilisikia pumzi za Bibi kwenye simu, nikaona moyo wangu unayeyuka kama samli, mdomo ukasema wenyewe:

"Wanne, Bibi."

Wanne niliwatoa wapi? Nilichukua saba, nikagawa kwa mbili, nikaongeza huruma. (Nimewaambia hesabu ilinikataa.)

Upande wa pili wa simu Bibi akapiga kigelegele peke yake kule mlimani. "Wanne! Basi ukoo upo!" Na papo hapo akapanga mambo yote kama kamanda: Jumamosi ya wiki inayofuata angeshuka mjini kwa ajili ya barua ya posa ya dada yangu Rehema, na akirudi arudi na wanne wake. "Hao majogoo watatu, mjomba wako awachinje asubuhi hiyo, wageni wanywe supu. Mkwe apokewe na mkwe mwenzake." Akacheka, akakata simu, akaniacha mimi nimesimama uani na kuku saba wananitazama, na hakuna hata mmoja aliyejitolea kusema yeye ni nani.

Mtasema, si uangalie kilemba, dada, mbona rahisi? Ndiyo, kwa kuku wa watu wengine. Hawa walikuwa na miezi mitatu kasoro, vilemba vyao vyote vidogo sawasawa, na shingo zao zote nyekundu sawasawa, ukimwangalia huyu unasema jogoo, ukipepesa macho amekuwa mtetea, ukimgeuza anakunyea. Nikaenda kuuliza. Jirani yetu Mama Semeni akasema tundika sindano kwenye uzi juu ya kuku, ikizunguka ni jike, ikienda mbele na nyuma ni dume. Nikatundika. Kuku wa kwanza aliidonoa akataka kuimeza. Wa pili sindano ilizunguka vizuri, nikafurahi, mpaka nikagundua upepo ulikuwa unazungusha hata kanga za Mama kwenye kamba. Muuza mayai wa pale kona akasema miguu, miguu minene ni jogoo. Nikapima miguu kwa vidole kama fundi nguo. Mtu mmoja kwenye video ya simu akasema angalia manyoya ya bawa siku ya kwanza ya kuzaliwa, nikamshukuru kwa ushauri uliochelewa miezi mitatu.

Na kila ushauri nilioupata niliuwekea alama: uzi mwekundu mguuni kwa mtetea, uzi mweusi kwa jogoo. Tatizo ni kwamba kila mshauri alinipa jibu lake, nikawa nafunga uzi mpya bila kukata wa zamani (niliogopa kupoteza ushahidi), na kuna mmoja kati yao ambaye hakuna washauri wawili waliokubaliana juu yake, kufikia Ijumaa alikuwa na nyuzi sita, tatu kila mguu, akitembea utadhani anakwenda kucheza ngoma. Nikamwita Nyuzi. Uzi wake wa mwisho ulikuwa mwekundu, basi nikamweka upande wa mitetea. Wekundu wanne, weusi watatu. Hesabu imetimia. Imetimia kwa sababu niliitimiza mimi.

Jumamosi asubuhi Bibi akafika na lori la kabichi, amejifunga kaniki yake ya shamba juu ya gauni la kutokea, tenga tupu mkononi, ananukia majani mabichi na ukungu wa Mgeta. Nikamkimbilia.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba, macho yangu."

Sasa hapo lazima niwaeleze. Bibi ananiita macho yangu kwa sababu ya kwake yameingia ukungu, anaona kivuli na rangi kubwakubwa, basi. Kwa hiyo hakuweza kuwaangalia kuku yeye mwenyewe, na hakuona haja, maana mimi nipo. Akakaa mkekani kibarazani, akavua kaniki akaitundika kwenye kamba, akanyoosha mikono. "Nipe mmoja wa wanne wangu nimshike." Nikampa mmoja mwenye uzi mwekundu. Akampapasa ile shingo tupu, polepole, akatabasamu hadi mashavu yakaficha macho.

"Shingo ya mama yangu hii," akasema. "Hata wakiwa wawili tu mitetea, watu wa kitongoji chetu watapata mbegu tena. Na mimi nitaamshwa."

Jamani. Nilitamani lile lori la kabichi lirudi linigonge, taratibu.

Na nyuma ya nyumba, Mjomba Shabani, kaka yake Mama, ambaye ndiye wa kupokea barua siku hiyo, alikuwa amevaa singlendi, ananoa kisu kwenye jiwe. Shwa. Shwa. Shwa. "Tatu! Lete hao wenye uzi mweusi, maji yamechemka!"

"Nakuja, Mjomba!"

Sikwenda. Nilikaa banda la kuku nikiwatazama wale watatu wenye uzi mweusi, na mmoja wao akaja akaegemeza kichwa kwenye mguu wangu. Nikajiambia, Tatu, kama huyu ni mtetea, unampeleka ukoo wa Bibi kwenye supu. Na hapo ndipo likanijia, kama mtu kaniwashia taa kichwani, jambo ambalo Bibi mwenyewe alinifundisha nikiwa mdogo kule Mgeta: mwewe akipita juu, usimtazame mwewe, watazame kuku. Atakayesimama wima, shingo juu, akapiga kelele, huyo jogoo. Watakaojibanza chini kama mawe, hao mitetea.

Nilichohitaji ni mwewe tu. Nikatazama juu. Mwewe ambao kila siku ya Mungu wanazunguka juu ya paa letu kama wamepangisha, siku ya kuwataka, hakuna! Mbingu nyeupe, tupu, mpaka milimani.

Shwa. Shwa. "Tatu!"

Nikaangalia kaniki ya Bibi kwenye kamba. Nyeusi. Pana. Inapepea.

Mtauliza, na wageni je? Wageni walisema saa nne asubuhi. Na sisi sote tunajua saa nne ya posa ni saa ngapi, ni saa sita, ndiyo maana Mama alikuwa bado na kanga ya jikoni na mwiko wa pilau, na Rehema alikuwa chumbani ameshapaka poda nusu ya uso. Lakini kile ambacho hatukukijua ni kwamba mshenga mkuu wa upande wa pili alikuwa Mwalimu Kibwana, mwalimu mstaafu, ambaye maisha yake yote alisimama getini kwa shule na fimbo akisubiri wachelewaji. Kwa mtu huyo saa nne ni saa nne.

Basi saa nne kamili, mimi nimewatoa kuku saba uani, nimepanda ndoo, kutoka ndoo nimepanda ukuta wa bafu (matofali mabichi, hayajapigwa lipu, yananichoma miguu), nimejifunga ncha mbili za kaniki viganjani, nikanyoosha mikono, nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikakumbuka mwewe wote wa Uluguru, nikalia:

"Kwiiiiiio!"

Kuku wote saba wakaganda. Nikaona inafanya kazi! Lakini niliona mwewe anayesimama ukutani ni mwewe wa bandia, mwewe wa kweli anashuka, basi (na huo ndio uamuzi wa pili mbaya wa maisha yangu) nikaruka kwenda paa la banda. Paa lenyewe ni mabati mawili chakavu yaliyoegeshwa juu ya mabanzi na kushikiliwa na imani. Nilikaa juu yake muda wa kupepesa jicho. Kisha gwaaaa! mabati upande huu, mabanzi upande ule, boksi la TATU KUKU likaruka, na mimi nikabingirika ndani ya kaniki kama mkate wa kumimina uliotoka vibaya kwenye sufuria, nikaenda kusimama kwenye jozi ya viatu vyeusi vilivyong'arishwa kiasi kwamba nilijiona ndani yake.

Nilifanya nini? Nilifanya alichonifundisha mama yangu. Kutoka chini ya kaniki nikasema:

"Shikamoo."

"Marahaba," sauti ikajibu juu yangu, kwa mazoea tu.

Nikachungulia. Mwalimu Kibwana, suti ya kijivu, bahasha ya posa mkononi. Nyuma yake mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe, na shangazi yake bwana harusi, mama mnene mwenye miwani, ambaye alikuwa amejishika kifua. Na wakati huohuo Mjomba, aliyesikia kishindo, akatokea mbio nyuma ya nyumba, singlendi, jasho, kisu mkononi. Na Mama nyuma yake na mwiko. Sasa jiweke wewe mgeni: umekuja kuomba mke, binti anakuangukia kutoka angani akikusalimia, na mwanamume anakujia na kisu.

"Samahani," Mwalimu Kibwana akasema, amerudi hatua moja. "Hapa ndipo kwa Bi Mwajuma, mama yake Rehema, au tumepotea?"

"Ndipo hapa!" Mjomba akasema, akiwakaribisha kwa mkono, ule wenye kisu. "Karibuni! Karibuni sana! Pita, pita!"

Hakuna aliyepita.

Shangazi akainama kidogo, akaniangalia kwa huruma. "Na huyu binti... huwa yanampata mara kwa mara?"

Kutoka dirishani nikasikia sauti ya Rehema, nyembamba kama uzi: "Tatu, umeniua."

Mjomba, Mungu ambariki, ni mtu wa haraka. "Hapana, shemeji, huyu alikuwa anafukuza mwewe! Mwewe kashuka, binti kamrukia, ni jasiri sana huyu." Na nawaapia, ilikuwa njia nzuri ya kutokea. Wageni wakaanza kutikisa vichwa kukubali, Mwalimu akaanza hata kutabasamu, na mimi nikaanza kujifuta vumbi kwa sura ya ushujaa. Tungeponea hapo.

Lakini Bibi kibarazani alisikia neno mwewe.

"Mwewe?" Akainuka, anapapasa fimbo yake asiione, akashuka kibarazani bila viatu. "Kachukua yupi? Kachukua mtetea?" Akaanza kuwaita, "Kurukuru, kurukuru," mikono mbele, anatafuta vivuli uani. Kisha akasimama, akageuza uso upande wangu. "Macho yangu, niambie wewe. Wanne wangu wapo?"

Watu wote wakanitazama. Mjomba akanikonyeza, sema wapo. Na ningeweza. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini nilishamwambia wanne mara moja bila kuwaona, na pale, na vumbi puani, sikuweza kumwambia mara ya pili.

"Bibi," nikasema, na machozi yakatoka bila kuomba ruhusa, "hakuna mwewe. Mwewe ni mimi. Sijui wangapi ni mitetea. Sijawahi kujua. Wanne niliwatoa kichwani, na sasa Mjomba anataka kuchinja, na sijui anachinja nani, ndiyo nikapanda bafuni ili wasimame."

Pilau ikaanza kunukia kuungua, hakuna aliyekwenda.

Bibi akanisogelea, akanipapasa uso, akakuta machozi, akakuta na manyoya ya kuku kwenye nywele, akalitoa moja. "Nilikuuliza wangapi," akasema. "Ungeniambia sijui, ningesema haya, tungoje. Kuku anajisema mwenyewe siku yake ikifika. Mwenye haraka ni wewe." Halafu akageuka. "Shabani! Weka hicho kisu." Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe! "Na huyo mwewe," akasema, hawezi kumaliza, "mwewe mwenyewe... kasema shikamoo!"

Mzee wa kanzu ndiye aliyefuata kucheka, akakohoa kwa kicheko mpaka akashikilia mlango wa geti. Shangazi akavua miwani akaifuta machozi. Mwalimu Kibwana peke yake hakucheka, aliinua kidole.

"Kwa ushahidi," akasema, "mimi nilikuwa naangalia. Kuku sita walikimbia. Mmoja alisimama wima, shingo juu, akapiga kelele mpaka mwisho. Yule pale."

Alikuwa Nyuzi. Kweli, alikuwa bado amesimama palepale, kifua mbele, kama sanamu ya uhuru wa kuku wote.

"Basi huyo jogoo," akasema mzee wa kanzu.

"Jogoo gani, mtazame mkia ulivyolala!" shangazi akasema, na kumbe naye ni mfugaji, akapandisha gauni akaingia uani. "Mnipe na huyo wa uzi mweusi nimwone miguu."

"Miguu si kitu, Mama, tazama kilemba," akasema Mjomba.

Na hapo posa ikasahaulika kabisa. Kila mtu alikuwa na kuku mkononi, wanabishana wale watu wazima, huyu dume, si dume, mgeuze, usimgeuze, na Mwalimu Kibwana ili apate mikono miwili ya kufafanua akaweka bahasha ya posa juu ya ndoo, na kuku mmoja akaruka juu ya ndoo, akasimama juu ya bahasha, akafikiri kidogo, akaiwekea alama yake.

Tukaitazama ile bahasha. Mama akaficha uso kwa mwiko.

Mwalimu akatoa leso, akaifuta taratibu, akaikabidhi kwa Mjomba kwa mikono miwili. "Barua yetu," akasema, "imeshapigwa muhuri." Ndipo naye akacheka, na akicheka anacheka kama mtoto.

Supu haikuwepo siku hiyo, walikula pilau ya nyama ya ng'ombe iliyoungua kidogo chini, na ilipofika zamu ya firigisi ya kumpa mgeni mkubwa, hatukuwa na firigisi, Mwalimu akasema ataingoja siku ya harusi. Jioni Bibi akapanda lori na tenga lenye kuku wote saba. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwaheri, macho yangu, na hilo neno likanichoma kuliko matofali ya bafu.

Miezi ikapita. Siku moja akanipigia. "Wamejisema," akasema, na nyuma yake nikasikia jogoo anajifunza kuwika, anaanza vizuri halafu sauti inakatika katikati, kama mtu aliyesahau maneno. Kumbe majogoo ni watatu, na wote watatu walikuwa na uzi mwekundu, akiwemo yule niliyempa Bibi ampapase kama ukoo! Na wale watatu wenye uzi mweusi, waliokuwa wanangoja kisu cha Mjomba, wote wametaga. Na Nyuzi naye ametaga. Mitetea wanne. Mnaona maajabu? Idadi niliipata sawasawa, ila wenyewe nilikosea wote isipokuwa mmoja.

"Na mbona Nyuzi alisimama, Bibi?" nikauliza. "Mbele ya mwewe?"

"Hakusimama kwa ushujaa," Bibi akasema. "Nilipompapasa nyumbani nilikuta nyuzi zako zimesokotana, zimemfunga miguu yote miwili pamoja. Angekimbilia wapi?"

Harusi ya Rehema ilipita salama, Mwalimu Kibwana alipewa firigisi yake ya jogoo wa uzi mwekundu aliyeletwa na Bibi (nilijificha jikoni mpaka amalize kuitafuna), na mimi nimeapa mambo mawili: sitapanda tena ukuta wa bafu labda nyumba iwe inaungua, na sitamwambia tena mtu idadi ya kitu ambacho sijakihesabu, hata kama ananihurumisha vipi kwenye simu.

Juzi lori la kabichi lilinishushia tenga. Ndani yake Nyuzi, mguuni amebakizwa uzi mmoja tu, mwekundu. Bibi amenirudishia nimfugie. Nimemtengenezea kiota nyuma ya lile boksi la TATU KUKU, ambalo sasa lina tundu katikati, na sasa hivi anaatamia, na ukimsogelea anavimba na kukusonya.

Jana jioni simu ikaita.

"Nyuzi kalalia mayai mangapi?" Bibi akauliza.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

"Subiri, Bibi," nikasema, "usikate."

Nikaiweka simu juu ya ndoo, nikapiga magoti mbele ya kiota, uani hakuna mtu. Nikapitisha mkono chini ya lile tumbo la moto, akanidonoa, nikavumilia, nikagusa yai moja, nikagusa la pili, nikaenda hivyo mpaka vidole vikagota kwenye majani makavu. Nikautoa mkono. Kisha nikaurudisha, nikahesabu tena.